Bibi K. na sukari iliyosifiwa kupita kiasi

Herufi K si ya jina lake, na mambo ya familia yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa. Nakiandika kisa hiki kwa ajili ya wauguzi, madaktari na wanafamilia wanaowahudumia wazee wenye kisukari, hasa wale wanaosoma karatasi ya maabara kabla hawajamtazama mgonjwa akiinuka kitini. Nami nilikuwa mmoja wao.

Alikotoka

Bibi K. alikuwa na miaka 78 tulipokutana naye. Alikuwa na kisukari aina ya 2 kwa miaka 19, shinikizo la damu kwa muda mrefu zaidi ya huo, na goti la kulia lililosagika. Ni mjane, anakaa na binti yake ambaye hurudi kazini jioni. Mchana kutwa yuko peke yake. Alikuwa na daftari la sukari analoliandika mwenyewe kwa mwandiko ulionyooka, kila asubuhi, bila kuruka siku. Nalitaja daftari hilo kwa sababu linaeleza ni mtu wa aina gani. Akiambiwa jambo na daktari hulifanya, na hulifanya mpaka mwisho.

Miezi 14 kabla ya tukio alikuwa na kilo 66 kwa urefu wa mita 1.56. Akaambiwa apunguze uzito ili goti lipumue na sukari ishuke: wanga kidogo, mafuta kidogo, nyama na mayai kwa nadra, usiku asile kitu kizito. Mtu wa miaka 55 angeweza kupewa ushauri huo na hakuna ambaye angeshtuka. Bibi K. aliuchukua kama amri. Chakula cha usiku akakifuta kabisa.

Dawa zake hazikuguswa: za sukari zilikuwa glibenklamidi miligramu 5 asubuhi na jioni na metformini gramu 1 asubuhi na jioni; za shinikizo zilikuwa amlodipini miligramu 10 na haidroklorothiazidi miligramu 25, hii ya mwisho ikiongeza mkojo. Juu ya hizo, kila usiku alikuwa akimeza kidonge cha mafua kinacholeta usingizi. Hicho hakikuandikwa popote, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Kliniki kila mtu alifurahi. Kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi, kilitoka asilimia 7.4 kikafika 6.8, kisha 6.1. Uzito ukashuka hadi kilo 57. Kwenye kadi yake kuna maandishi ya mmoja wetu: "Safi sana, endelea hivyohivyo."

Kilichokuwa kikiendelea nyumbani hakikuingia kwenye kadi. Pete ya ndoa ililegea, akaizungushia uzi ili isidondoke. Meno ya bandia yakaanza kucheza, kwa sababu ufizi nao ulikuwa umesinyaa, na alipoona nyama inamshinda akahamia kwenye mkate uliochovywa kwenye chai. Akaacha kubeba ndoo. Akitaka kuinuka alijitikisa mbele na nyuma mara tatu, kama anayesukuma mashua majini, ndipo asimame. Binti yake alisema kitu ambacho familia nyingi husema: "Mama amezeeka ghafla."

Uzee hauji kwa miezi 14. Sentensi hiyo ya binti ilitosha kuanzisha uchunguzi, lau ingemfikia mtu wa kuisikia.

Usiku wa kuanguka

Alianguka mara tatu. Ya kwanza na ya pili zilikuwa alfajiri, njiani kwenda msalani, na hakumwambia mtu. Michubuko aliifunika kwa mikono mirefu ya gauni. Ya tatu ilikuwa saa kumi alfajiri. Binti alisikia kishindo, akamkuta sakafuni ubavuni mwa kitanda, akitazama bila kuona, maneno yakitoka yamevurugika. Hakuwa akitetemeka. Jasho lilikuwa kidogo tu, kwenye paji la uso. Binti akadhani ni kiharusi, na mpokeaji wa zamu naye akadhani hivyohivyo mpaka muuguzi alipomchoma kidole: sukari milimoli 2.3 kwa lita, chini mno.

Nasimama kidogo hapa. Wengi tumefundishwa kuitambua sukari iliyoshuka kwa mtetemo, moyo kwenda mbio, jasho jingi na njaa. Kwa mzee aliyeishi na kisukari miaka mingi, ishara hizo hufifia au hazitokei kabisa. Kinachoonekana ni kuchanganyikiwa, kizunguzungu, ulegevu, usemi mzito, au kuanguka tu. Anayeingoja mitetemo atachelewa.

Alipewa glukosi kwenye mshipa. Dakika kumi baadaye alimtambua binti yake na kuuliza kwa nini taa zote zimewashwa. Sukari ikasoma 8.9. Zamu ilikuwa na wagonjwa wengi, kitanda kilihitajika, na kulikuwa na pendekezo la kumruhusu arudi nyumbani kabla ya jua kuchomoza.

Maamuzi ya mwanzo

Tulikataa kumruhusu, na uamuzi huo ndio ninaoutetea bila kusita kuliko yote. Glibenklamidi hukaa mwilini. Inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama hakuna chakula tumboni, ina mabaki yanayoendelea kufanya kazi, na mabaki hayo hutolewa na figo. Figo zikiwa zimechoka, kidonge cha jioni kinaweza kumsumbua mzee hadi keshokutwa. Saa tano baada ya glukosi ya kwanza, akiwa amelala kwa utulivu kwenye kitanda cha pembeni, sukari yake ilikuwa 3.1. Angekuwa nyumbani, peke yake, binti akiwa kazini.

Siku ya pili tulimpima mwili mzima, na hapa ndipo kisa kilipogeuka kutoka "sukari ilishuka" kuwa jambo jingine.

Tulimwomba aketi kwenye kiti kisicho na mikono, akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara tano. Hakuweza hata mara moja. Alijaribu, misuli ya mapaja ikatetemeka chini ya gauni, akacheka kwa aibu na kusema, "Miguu imeniaga, mwanangu." Mita nne alizitembea kwa sekunde 7.4, yaani mita 0.54 kwa sekunde. Nguvu ya kubana kwa mkono ilikuwa kilo 13. Mzunguko wa shavu la mguu ulikuwa sentimita 29.5. Vigezo vya Ulaya vya kupungua kwa misuli uzeeni, yaani sakopenia, vilivyohuishwa na kuchapishwa 2019, vinamhesabu mwanamke kuwa dhaifu akibana chini ya kilo 16, akizidi sekunde 15 kwa kuinuka mara tano, au akitembea kwa mita 0.8 kwa sekunde au pungufu. Alishindwa vyote.

Tukitumia vigezo vitano vya udhaifu wa uzeeni vilivyotolewa na Linda Fried na wenzake 2001, alikuwa na kupungua uzito, uchovu, mkono dhaifu na mwendo wa polepole. Vitatu vinatosha kumwita mtu dhaifu. Kuhusu kilo 9 alizopoteza, ni zaidi ya asilimia 13 ya uzito wake. Vigezo hivyo huanza kutia wasiwasi kwenye asilimia 5 kwa mwaka, pale mtu anapokuwa hakukusudia kupungua. Yeye alikusudia, lakini alichokusudia ni kupoteza mafuta.

Shinikizo lake akiwa amelala lilikuwa 142/78. Dakika moja baada ya kusimama, 116/70. Vitamini B12 ilikuwa chini, pikomoli 118 kwa lita, na vidole vya miguu havikuhisi mtetemo wa uma wa chuma unaotumika kupima hisia. Himoglobini 10.4, yaani damu pungufu. Tulitafuta saratani, tezi ya shingo, kifua kikuu na huzuni iliyojificha. Hatukupata kitu. Uchunguzi huo haupaswi kurukwa hata pale jibu linapoonekana liko wazi, maana mzee anayekonda anaweza kuwa na sababu mbili kwa pamoja.

Kreatinini iliyotudanganya

Kipimo cha figo kinastahili sehemu yake peke yake. Kreatinini ya Bibi K., taka ya damuni ambayo figo huitoa, ilikuwa mikromoli 88 kwa lita, ndani ya mipaka ya maabara, bila alama yoyote nyekundu. Ilikuwa karibu namba hiyohiyo mwaka mmoja na nusu nyuma. Sote tulisoma: figo zimetulia.

Lakini kreatinini hutoka kwenye misuli. Mtu akipoteza misuli, kreatinini yake ingetakiwa ishuke. Isiposhuka, maana yake figo zinatoa pungufu ya zilivyokuwa zikitoa. Namba iliyosimama palepale, kwa mtu anayekonda, ni namba inayopanda. Tulipoikokotoa kwa fomula ya Cockcroft na Gault inayohesabu umri na uzito, ilitoka mililita 42 hivi kwa dakika. Fomula ya kawaida ya maabara, isiyoutazama uzito, ilitoa karibu 58. Kipimo cha sistatini C, ambacho hakitegemei misuli sana, kingetusaidia kuamua lakini hatukuwa nacho, kwa hiyo tukachagua kuamini ile ya chini na kupanga dawa kwa kuifuata.

Tulichobadilisha

Glibenklamidi tuliisimamisha kabisa. Mwenzangu mmoja alitaka tuipunguze nusu, akihofia sukari itaruka. Hoja yangu ilikuwa kwamba dozi ile ilipangwa kwa mtu wa kilo 66 anayekula mara tatu, na sasa inamezwa na mtu wa kilo 57 anayekula mara moja na nusu, na figo zake zimepungua. Nusu ya kosa bado ni kosa. Orodha ya Beers, ambayo chama cha madaktari wa wazee cha Marekani huihuisha mara kwa mara, imekuwa ikiitaja dawa hii kwa jina kama ya kuepukwa kwa wazee.

Metformini tuliishusha hadi miligramu 500 mara mbili, kwa ajili ya figo, kwa ajili ya B12 ambayo dawa hiyo huipunguza ikitumika miaka mingi, na kwa sababu inakata hamu ya kula. Haidroklorothiazidi tuliiondoa kwa ajili ya shinikizo linaloanguka akisimama na kwa safari zake za usiku. Kidonge cha mafua tulikiondoa bila mjadala. B12 alianza kuchomwa sindano.

Shabaha ya HbA1c tuliiandika upya: kati ya 7.5 na 8.5. Iko hivyo kwa makusudi, ina dari na ina sakafu pia. Kadi za kisukari huandikwa "chini ya 7" au "chini ya 8", na mgonjwa mtiifu husoma kwamba kadiri anavyozidi kushuka ndivyo anavyofanya vizuri. Hakuna anayemwambia kwamba kuna mahali pa kuacha kushuka. Na kwa kuwa upungufu wa B12 unaweza kuipandisha HbA1c kwa uongo, na matibabu yake kuishusha kwa muda, miezi ile ya kwanza tulitegemea zaidi kuchoma kidole.

Kwenye chakula tulifuta makatazo karibu yote. Mtaalamu wa lishe alikadiria kuwa anapata gramu 35 za protini kwa siku, nasi tukalenga gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito, karibu 68. Kiwango hicho kinakubalika kwa mtu ambaye figo zake hazijashuka chini ya mililita 30 kwa dakika. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, kipande cha samaki cha gramu 100 kama 25. Tulimgawia sawasawa kwa milo mitatu, kwa sababu msuli wa mzee unahitaji kiasi cha kutosha kwa mlo mmoja ndipo uitikie.

Wiki sita tulizopoteza

Hapa ni kosa letu, na ninaliandika kwa urefu maana naona likirudiwa.

Tulipomruhusu tuliandika kwenye karatasi: "Atembee nusu saa kila siku." Na tukampa unga wa protini. Aliporudi baada ya wiki sita alikuwa ametembea nusu saa kila siku, mvua au jua, na daftari lilithibitisha. Uzito ulikuwa umeshuka tena hadi kilo 56.1. Mwendo 0.55. Kitini bado haamki bila mikono. Unga wa protini alikuwa akiunywa kabla ya mlo, ukamshibisha, mlo wenyewe akaubakiza.

Kutembea ni kuzuri kwa moyo na kwa sukari, lakini hakujengi paja lililokwisha. Mtu asiyeweza kuinuka kitini akiambiwa atembee, anatumia akiba ndogo aliyo nayo bila kuongeza nyingine. Jambo hili limejulikana zamani. Utafiti uliochapishwa Marekani 1994 uliwafuatilia wakazi 100 wa makao ya wazee, wastani wa miaka 87, kwa wiki 10. Waliofanya mazoezi mazito ya miguu nguvu zao ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Waliopewa kinywaji cha lishe bila mazoezi hawakupata nguvu yoyote ya maana. Nilikuwa naujua utafiti huo. Niliandika "atembee" kwa sababu ni neno linaloandikika haraka.

Tukaanza upya na mtaalamu wa fiziotherapia. Alikwenda nyumbani, akachagua kiti kilekile anachokalia Bibi K. mchana, akaweka mito miwili migumu ili kiwe juu. Kutoka kimo hicho aliweza kuinuka bila mikono, kwa shida. Mara tano, apumzike, mara tano, apumzike, mara tano. Siku tatu kwa wiki, saa moja baada ya kula, kamwe asifanye akiwa na njaa. Akifikisha mara kumi mfululizo, mto mmoja unaondolewa. Kuongezea hapo, kuinua visigino akiwa ameshika ukingo wa sinki. Unga wa protini ukahamia baada ya mazoezi.

Mto wa kwanza uliondoka wiki ya nne. Alitupigia simu yeye mwenyewe kutueleza.

Kopo la vifungo

Wiki ya tisa binti alirudi mapema akamkuta mama yake amekaa kimya, macho mazito. Alimchoma kidole: 3.4. Akamkorogea sukari kwenye maji, akatupigia. Tulishangaa, kwa kuwa metformini peke yake ni nadra kumfikisha mtu hapo.

Jioni ile binti alifungua kopo la vifungo vya nguo akakuta glibenklamidi zilizobaki. Bibi K. hakukana. Asubuhi mashine ilikuwa imesoma 13.2, akaogopa, akameza kimoja. Kliniki alituambia maneno ambayo bado ninayo kichwani: "Mwanangu, miaka 19 mnaniambia ikipita kumi macho yanakufa, figo zinakufa. Leo mnaniambia kumi na moja ni sawa. Nimwamini daktari yupi?"

Hatukuwa tumemjibu swali hilo kabla hajaliuliza. Tulibadilisha dawa tukasahau kubadilisha hofu tuliyomjengea sisi wenyewe. Siku hiyo tulikaa naye karibu saa nzima. Tulimweleza kwamba madhara ya sukari ya juu kwa macho na figo hukusanyika kwa miaka mingi, na madhara ya sukari ya chini hutokea usiku mmoja, kama aliyoyaona mwenyewe sakafuni. Tulimwambia pia kwamba lile la zamani halikuwa uongo: alipokuwa na miaka 59 lilikuwa sahihi. Kisha tukamwandikia kwenye jalada la daftari, kwa herufi kubwa: chini ya 4, kunywa sukari na umpigie binti; chini ya 5, kula kitu; 5 hadi 12, tulia; zaidi ya 15 siku mbili mfululizo, tupigie. Vidonge vya kopo alivikabidhi, vilikuwa 41.

Miezi tisa baadaye

Mwezi wa nne HbA1c ilifika 8.6 na akaanza kuamka mara tatu usiku kukojoa, jambo lililoturudishia hatari ya kuanguka kwa mlango mwingine. Tukaongeza linagliptini miligramu 5, dawa isiyotegemea figo kutoka mwilini, isiyokondesha, na ambayo kwa nadra sana hushusha sukari kupita kiasi ikitumika bila dawa za kundi la glibenklamidi wala insulini. Dawa zinazotoa sukari kwa mkojo tuliziepuka kwa sababu hupunguza maji mwilini na uzito, na sindano mpya zinazokata hamu ya kula hazikuwa na nafasi kwa mtu tunayembembeleza ale.

Mwezi wa tisa alikuwa na kilo 59.2 na HbA1c 7.8. Mita nne alizitembea kwa sekunde 5.6, sawa na mita 0.71 kwa sekunde. Kuinuka mara tano bila mikono: sekunde 17.8. Mkono ulibana kilo 15. Alianguka mara moja, aliteleza bafuni mchana, sukari ilikuwa 9. Tangu siku ya kopo, sukari haijawahi kusoma chini ya 5.

Kwa hiyo bado ni dhaifu kwa vigezo vilevile alivyoshindwa siku ya kwanza. Yeye hupima kwa kitu kingine: ndoo ndogo anaibeba tena, na pete haina uzi.

Uchambuzi

Watu hupenda kulieleza tukio hili kama kosa la dawa moja. Dawa ilikuwa na lawama, lakini kisa ni kirefu kuliko hapo. Sukari na msuli ni jambo moja. Msuli ndio ghala kubwa la sukari baada ya mlo. Mzee akipoteza msuli, sukari ya baada ya kula hukosa pa kwenda na kipimo kinaweza kupanda. Wakati huohuo, akiwa anakula kidogo na ini lake halina akiba, sukari ya usiku hushuka. Wastani wa vitu hivyo viwili unatoka namba nzuri. Asilimia 6.1 inalingana na wastani wa 7 hivi, na ndani ya wastani huo palikuwa na usiku wa 2.3.

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, lilikuwa kusifu. Kila ziara tulikuwa na nafasi ya kuuliza kilo zimetoka wapi, na kila ziara tulizipongeza. Mgonjwa wa kilo 57 na urefu wake ana uwiano wa uzito na urefu wa 23, namba ya kitabuni kabisa. Mizani haisemi kilichopungua ni mafuta au paja. Kiti kinasema, na kinatumia dakika moja.

Halafu kuna suala la ukali wa shabaha. Jaribio kubwa la ACCORD, lenye watu zaidi ya 10,000 wenye kisukari aina ya 2, lilisimamisha kundi la matibabu makali mwaka 2008 kabla ya wakati kwa sababu waliolenga chini ya 6.0 walikufa zaidi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 62 tu. Tangu hapo miongozo ya wazee imelegezwa, lakini kulegeza kwenye mwongozo na kulegeza kwenye kadi ya mgonjwa ni vitu viwili. Sikumbuki kuona kadi iliyopunguziwa dawa kwa sababu mgonjwa amepungua kilo.

Natahadharisha upande wa pili pia. Sijasema wazee wote waachiwe sukari. Mtu wa miaka 78 anayepanda ngazi, anayekula vizuri, asiyetumia dawa zinazoshusha ghafla, hana sababu ya kuishi na 8.5. Wala sisemi mzee mnene asipungue kamwe. Jaribio la 2017 lililowahusu wazee wanene 160 lilionyesha wanaweza kupungua wakaimarika, na waliofanya mazoezi ya uzito pamoja na ya pumzi, kama kutembea kwa kasi, ndio waliofaidika zaidi. Waliofanya ya pumzi tu walipoteza asilimia 5 ya tishu isiyo mafuta. Wa mazoezi ya uzito walipoteza 2. Bibi K. alipewa nusu ya ushauri, ile ya kupungua.

Kilichofanya kazi kilikuwa kidogo kuliko tulivyodhani mwanzoni. Kusimamisha dawa kulizuia kifo, lakini hakukumwinua. Chakula peke yake hakikumwinua. Kilichomwinua ni mtu mmoja kufika nyumbani na mito miwili, na kumwachia kazi inayohesabika, anayoweza kuiandika kwenye daftari. Utiifu uleule uliomkondesha ndio uliomjenga. Tungejua hivyo mapema, tungekuwa waangalifu zaidi na kila neno tulilomwandikia.

Kushirikiana na binti kulifaa, ila tulichelewa. Yeye ndiye aliyekuwa na historia yote: pete, meno, ndoo, kujitikisa kitini. Alikuja kliniki mara nne katika miezi ile 14 na kukaa kwenye benchi la nje.

Ambayo hayajaisha

Meno hajayarekebisha, anasema amezoea. Goti linauma zaidi sasa anapofanya mazoezi, na bado tunabishana kama apewe sindano ya goti, maana steroidi itapandisha sukari kwa siku kadhaa na hatujui hofu yake itafanya nini. Mwenzangu aliyetaka kupunguza dozi nusu hajabadili mawazo. Anaamini dozi ndogo ya dawa ya kundi lilelile isiyokaa sana mwilini ingetosha, tusingehitaji linagliptini. Huenda.

Na kidole. Tulimwambia achome mara mbili kwa wiki, inatosha kwa dawa alizo nazo. Anachoma kila asubuhi. Ziara iliyopita nilianza kumweleza tena, akafungua daftari akanionyesha ukurasa: upande wa kushoto sukari, upande wa kulia, kwa wino wa rangi nyingine, mara alizoinuka kitini. Nikaliacha jambo hilo.